Jina kubwa na jina dogo: Tujue kilichomo ndani ya chupa ya dawa ya macho

Katika nyumba nyingi za miji yetu, juu ya friji, ndani ya kabati la vyombo au kwenye mkoba wa mama, hutakosa kuikuta chupa ndogo ya plastiki yenye mdomo uliochongoka. Ukiuliza ni kitu gani, utajibiwa kwa maneno matatu: "Dawa ya macho." Ilinunuliwa siku nyingi zilizopita, mtoto alipoamka na tongotongo. Ikatumika siku tatu, ikafungwa kizibo, ikawekwa. Baadaye baba aliporudi kazini na macho mekundu ya vumbi akaitumia yeye, kisha jirani akaja kuiazima. Kila mmoja wao alikuwa na nia njema, maana kila mmoja aliamini kwamba jicho ni jicho na dawa yake ni dawa yake.

Katika makala haya tumekusudia kuyapima maneno hayo matatu. Ukweli ni kwamba hakuna kitu kimoja kiitwacho dawa ya macho. Yapo matone ya kulainisha jicho kavu, yapo ya mzio, yapo ya kuua bakteria, yapo ya kushusha presha ya jicho, na yapo ya kutuliza uvimbe. Kisha yapo yale yaliyochanganya dawa mbili za kazi mbili tofauti ndani ya chupa moja: antibayotiki, yaani dawa ya kuua bakteria, pamoja na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu. Haya ya mwisho ndiyo tutakayoyazungumzia. Ni dawa njema mikononi mwa anayeijua, na ni dawa inayoweza kumpofusha asiyejua alichojitia. Mara nyingi kinachowatenganisha watu hao wawili ni jina lililochapwa kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa la boksi.

DAWA MBILI NDANI YA CHUPA MOJA

Msomaji hana haja ya kushtushwa na habari ya dawa kuchanganywa. Dawa ya malaria tuliyoizoea kwa jina la mseto ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, na jina lake la ALu linatuambia hivyo waziwazi: A ni artemeta, na Lu ni lumefantrini. Septrin tunayoijua tangu utoto nayo ni dawa mbili, trimethoprimu na sulfamethoksazoli. Kuchanganya dawa, kwa hiyo, si jambo la ajabu wala si kosa.

Tofauti iko hapa. Katika mseto wa malaria, dawa zote mbili zinampiga adui mmoja. Katika mseto wa macho tunaouzungumzia, ni dawa moja tu inayopigana. Antibayotiki huwashambulia bakteria. Steroidi haiui bakteria, wala virusi, wala kuvu. Kazi yake ni kuunyamazisha mwili wenyewe. Wekundu, uvimbe na maumivu ya jicho ni kelele za askari wa mwili wanaopambana na kilichoingia, na steroidi huwaamuru askari hao waweke silaha chini.

Zipo nyakati amri hiyo ni rehema. Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho ana jeraha linalohitaji kulindwa na bakteria, na ana uvimbe ambao ukiachwa unaweza kuliharibu jicho lililokwisha kutengenezwa. Daktari humpa matone yenye steroidi kama deksamethasoni pamoja na antibayotiki kama tobramisini au neomisini. Humpangia idadi ya matone kwa siku, humpunguzia kidogo kidogo kwa muda wa wiki kadhaa, na humwita amuone. Vivyo hivyo kwa baadhi ya magonjwa ya kingo za kope na ya sehemu za ndani za jicho. Hapo daktari amelitazama jicho kwa mashine ya kukuzia, amejua kilichomo, na anaujua mwisho wa safari.

Tatizo huanza chupa ile inapotoka katika safari hiyo na kuingia katika safari nyingine. Babu aliyepona upasuaji humpa mjukuu mwenye macho yanayowasha. Shangazi aliyeandikiwa kwa ugonjwa wa kope humpa mpwa aliyechomwa na jani la mhindi. Wahenga wa mwambao walionya kwamba usisafirie nyota ya mwenzio, na sijui kama kuna mahali onyo hilo linafaa zaidi kuliko hapa.

NAFUU INAYODANGANYA

Mseto huu unapendwa kwa sababu unatoa matokeo ya haraka. Jicho lililokuwa jekundu asubuhi linaweza kuwa jeupe kesho yake. Mgonjwa hufurahi, muuza dawa husifiwa, na jina la chupa huenea mtaa mzima. Lakini jicho kuwa jeupe si dalili ya kutosha kwamba limepona. Huenda moto umefunikwa majivu tu.

Tuchukue mfano wa ugonjwa wa macho mekundu ulioenea nchini Tanzania mwanzoni mwa mwaka 2024. Ule ulikuwa ugonjwa wa virusi, na antibayotiki haina kazi mbele ya virusi. Wengi hupona wenyewe katika wiki moja hadi tatu kwa kunawa mikono, kutoshirikiana taulo, kufuta macho kwa kitambaa safi na kusubiri. Anayetia steroidi katika jicho la namna hiyo anaweza kuuondoa wekundu huku akiwapa virusi nafasi ya kukaa muda mrefu zaidi, naye akiendelea kushikana mikono na watu akidhani amepona.

Vipo virusi vibaya zaidi kwa jicho, navyo ni vya hapesi, vile vile vinavyotoa malengelenge pembeni mwa mdomo. Vikiingia kwenye kioo cha jicho huchora kidonda chenye matawi kama ya mti. Kidonda hicho kikitiwa steroidi bila dawa ya virusi, matawi hupanuka na kuungana, na kovu linalobaki linaweza kuuziba mwanga maisha yote. Kuvu nao ni vivyo hivyo. Mkulima aliyechomwa na suke la mpunga au jani la mhindi anaweza kupandikizwa kuvu ndani ya kioo cha jicho. Antibayotiki haitamsaidia, na steroidi itaidhoofisha kinga yake huku kuvu wakichimba. Kioo cha jicho kinaweza kutoboka.

Hatari nyingine haina uhusiano na vijidudu. Ndani ya jicho kuna maji yanayozalishwa na kutolewa kila wakati kwa mizani, na mizani hiyo ndiyo inayoleta presha ya jicho. Steroidi ikitumika kwa wiki nyingi huweza kuziba njia ya kutokea maji, presha ikapanda, na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo ukaanza kufa. Tafiti zilizofanyika Marekani katika miaka ya 1960 zilionesha kwamba, baada ya kutumia matone ya steroidi kwa wiki nne hadi sita, takriban mtu mmoja kati ya watatu hupandwa na presha ya jicho kwa kiwango cha kuonekana, na watano au sita katika kila mia hupandwa sana. Hakuna anayejua yumo katika kundi gani mpaka apimwe.

Ugonjwa huo wa presha, uitwao glaukoma, mara nyingi hauumi. Mgonjwa hupoteza uoni wa pembeni kwanza, naye haoni kwamba haoni. Siku anapojikwaa mlangoni au kumgonga mtu aliyesimama ubavuni mwake, sehemu kubwa ya mshipa imekwisha kufa, na kilichokufa hapo hakifufuliwi na dawa wala upasuaji. Steroidi ya muda mrefu huweza pia kuleta mtoto wa jicho hata kwa kijana. Huo angalau una upasuaji, lakini ni upasuaji ambao usingalihitajika.

WATOTO WENYE MACHO YA KUWASHA

Wazazi tunawaomba wasome sehemu hii kwa utulivu. Upo mzio wa macho unaowapata watoto wa nchi za joto, wavulana zaidi kuliko wasichana, na mara nyingi huanza kabla ya umri wa miaka kumi. Mtoto hujikuna macho bila kuchoka, hutoa ute mzito wenye nyuzi, hukimbia mwanga, na weupe wa jicho huingia rangi ya udongo. Ugonjwa huu hupungua na kuzidi kwa misimu, na kwa wengi huisha wenyewe wanapobalehe. Kinachotakiwa ni kuwavusha salama mpaka umri huo.

Hapo ndipo mseto unapofanya madhara yake makubwa. Mzio si bakteria, kwa hiyo antibayotiki iliyomo haina kazi yoyote. Steroidi ndiyo inayoondoa mwasho, na inauondoa vizuri mno. Mama huona mwanawe ametulia, naye ana haki ya kufurahi. Chupa ikiisha mwasho hurudi, hununua nyingine, kisha nyingine. Mwaka unapita, wa pili unapita. Mtoto anayetiwa matone hayo miezi kwa miezi anaweza kufika darasa la tano akiwa ameshapoteza sehemu ya uoni ambao mzio wenyewe usingaliuchukua. Presha ya macho ya watoto inaweza kupanda upesi kuliko ya watu wazima, na mtoto hajui kueleza kwamba dunia yake imeanza kuwa nyembamba.

Si kwamba mtoto huyo hana dawa. Vitambaa vya maji baridi humsaidia. Yapo matone ya mzio yasiyo na steroidi, kama vile kromoglikati, ambayo huchukua siku kadhaa kufanya kazi lakini yanaweza kutumika kwa miezi bila kupandisha presha. Pale ambapo hali ni kali, daktari wa macho anaweza kumpa steroidi kwa siku chache zilizohesabiwa, akimpima presha. Tofauti kati ya chupa hizi mbili haionekani kwa macho: zote ni nyeupe, zote ni ndogo, zote ni "dawa ya macho". Tofauti iko katika jina.

MAJINA MAWILI JUU YA BOKSI MOJA

Chukua boksi lolote la dawa. Jina la kwanza limeandikwa kwa herufi kubwa na kwa rangi. Hilo ni jina la biashara, lina mwenyewe, limesajiliwa, na limetungwa livutie na likumbukwe. Chini yake, au ubavuni, kwa herufi ndogo, kuna jina la dawa yenyewe. Panadol ni jina la biashara, na dawa iliyomo ni paracetamol. Kampuni zinaweza kuwa hamsini na majina ya biashara hamsini, lakini paracetamol ni ile ile.

Jina dogo halikuzuka lenyewe. Mwaka 1950 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliamua uwepo utaratibu wa kila dawa kupewa jina moja la kimataifa lisilomilikiwa na mtu, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha orodha ya kwanza ya majina hayo. Hadi leo anayegundua dawa mpya hupeleka mapendekezo ya jina, wataalamu huyachambua, kisha jina huchapishwa na watu hupewa miezi minne ya kutoa pingamizi kabla halijathibitishwa. Likithibitishwa linakuwa mali ya umma. Hutolewa kwa Kilatini, Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kirusi, Kichina na Kiarabu.

Tatizo lenyewe ni la kale. Karibu miaka elfu moja iliyopita, mwanachuoni Abu Rayhan al-Biruni alitumia siku zake za mwisho kuandika Kitab as-Saydana, kitabu cha dawa, ambamo aliyakusanya majina ya dawa kwa Kiarabu, Kiyunani, Kisiria, Kiajemi na lugha za Kihindi. Alijua kwamba mmea mmoja ukiwa na majina matano, na jina moja likiwa na mimea miwili, mgonjwa ndiye atakayelipa. Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Malaga aliyefariki Damascus mwaka 1248, naye alipanga mamia ya dawa kwa mpangilio wa herufi na kuyaweka majina yake ya lugha mbalimbali pamoja. Hoja yao ni ile ile: dawa isiyojulikana kwa jina haiwezi kutolewa kwa amani.

Sasa turudi kwenye chupa ya macho. Jina la kimataifa hutolewa kwa dawa moja moja. Mseto hauna jina lake la kimataifa. Una majina ya vilivyomo ndani yake, kila kimoja na kipimo chake. Lakini jina la biashara huwa moja tu, na sikio likilisikia hudhani na dawa ni moja. Hapo ndipo steroidi inapopita bila kuonekana, imejificha nyuma ya jina la mwenzake.

HERUFI MBILI, TATU

Tutoe mfano wa dawa zinazojulikana duniani. Tobrex ni tobramisini peke yake, yaani antibayotiki tupu. Tobradex ni tobramisini pamoja na deksamethasoni. Maxidex ni deksamethasoni peke yake, yaani steroidi tupu. Maxitrol ni deksamethasoni ikiwa na antibayotiki mbili, neomisini na polimiksini B. Hatuzitaji ili kuzilaumu, kwa kuwa ni dawa zenye heshima na kazi zake. Tunazitaja ili msomaji aone jinsi herufi mbili au tatu katikati ya jina zinavyoweza kuitofautisha dawa ambayo mgonjwa anaweza kutiwa bila hofu ya presha na dawa inayohitaji jicho lipimwe. Anayetumwa dukani na jina lililosikiwa kwa simu anaweza kurudi na nyingine.

Jina la biashara pia halivuki mipaka salama. Mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwatahadharisha raia wake wanaonunua dawa ughaibuni kwamba jina lile lile linaweza kuwa dawa nyingine kabisa. Flomax nchini Marekani ni tamsulosini, dawa ya tezi dume. Flomax nchini Italia ni dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe. Habari hii inatuhusu sisi tunaoletewa dawa na ndugu kutoka Maskati, Dubai au India, na tunaorudi na chupa katika mizigo ya Hija. Jina kubwa lililosifiwa huko huenda hapa likawa kitu kingine. Jina dogo haligeuki.

KUSOMA KOO ZA DAWA

Majina ya kimataifa yana koo, kama watu walivyo na koo. Mwisho au katikati ya jina huonesha dawa imetoka katika ukoo gani. Zinazoishia na "olol" ni ndugu: propranolol na atenolol za moyo na shinikizo la damu, na timolol ya kushusha presha ya jicho. Mwenye pumu anayejua ukoo huo atamwambia daktari mapema, kwa sababu timolol hata ikiwa ni tone la jicho inaweza kumbana kifua. Umakini wa watoa majina umefika mahali pa kutofautisha herufi moja: tobramycin na neomycin zina "y" kwa kuwa asili yake ni bakteria wa udongo waitwao Streptomyces, lakini gentamicin ina "i" kwa kuwa imetokana na bakteria wa jamii nyingine, Micromonospora. Mwaka 1993 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizitaka nchi zizuie majina ya biashara yasitungwe kutokana na koo hizi, ili alama ya umma isigeuzwe mali ya mtu.

Kwa dawa za macho, mzazi hahitaji kuzikariri zote. Azitafute herufi hizi kwenye boksi. Akiona "methasone", kama katika dexamethasone na betamethasone, hiyo ni steroidi. Akiona "pred", kama katika prednisolone na loteprednol, hiyo ni steroidi. Akiona "cort", kama katika hydrocortisone, hiyo ni steroidi. Aongeze na jina moja zima, fluorometholone, nalo ni steroidi. Kwa upande wa antibayotiki, atakutana na "mycin" au "micin", na "floxacin" kama katika ciprofloxacin, na chloramphenicol. Akiyakuta majina ya makundi yote mawili juu ya boksi moja, basi mkononi mwake ana mseto.

Maneno yanayofuata jina, kama vile "sodium phosphate" au "sulphate", ni chumvi iliyobeba dawa na yasimchanganye. Namba zenye alama ya asilimia ni kipimo: deksamethasoni ya 0.1% maana yake ni miligramu 1 ndani ya kila mililita 1.

Wapo wazee wetu ambao herufi za Kilatini huwapa tabu lakini walisoma chuoni na wanazisoma herufi za Kiarabu bila shida. Maboksi yatokayo Oman, Saudia na Misri aghalabu huandikwa kwa herufi hizo pia, na jina dogo limo. Bibi anayeweza kuziunganisha dali, ya, kafu na sini akalitamka neno "diksamithazun" amekwisha jua kilichomo kabla mjukuu hajafungua kizibo.

MGONJWA ALIYEFUNGA

Kila Ramadhani wapo wagonjwa wanaoacha matone yao kwa kuogopa kuharibu swaumu. Kwa aliyetoka katika upasuaji, kuikatiza steroidi ghafla kunaweza kuurudisha uvimbe kwa nguvu, na kwa mwenye glaukoma siku thelathini bila dawa ni hasara isiyolipika. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 10 kilichofanyika Jeddah mwaka 1997, lilitoa uamuzi kwamba matone ya macho si miongoni mwa vinavyofunguza, maadamu mgonjwa anajiepusha na kukimeza kinachofika kooni. Mwenye shaka amuulize shekhe wake, na amuulize daktari wake kama nyakati za matone zinaweza kupangwa baina ya futari na daku. Asiache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Ipo pia njia ya kitabibu inayosaidia pande zote mbili. Baada ya kutia tone, funga jicho na ubonyeze taratibu kwa kidole pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika moja hadi mbili. Hapo ndipo kilipo kijitundu cha kupeleka machozi puani na kooni. Dawa hubaki jichoni inakotakiwa, uchungu haufiki kooni. Tone moja latosha, maana jicho halibebi zaidi ya hilo. La pili humwagika shavuni.

KUULIZA SI UJINGA

Kwa kanuni, matone ya macho yenye steroidi ni dawa ya cheti cha daktari. Kwa hiyo mtu asione haya kuuliza dukani kabla ya kulipa. Dawa hii jina lake lenyewe ni lipi, si la biashara? Je, ina steroidi? Nitumie siku ngapi, na nikimaliza nani atanipima? Mfamasia mwema hufurahia maswali hayo. Na mtu akijibiwa kwamba "hii ni nzuri tu, wote wanatumia", basi hajajibiwa.

Anayekwenda hospitali aende na boksi, si chupa iliyovuliwa boksi wala maelezo ya "ile yenye kizibo cheupe". Aliyewahi kuvimba kope kwa sababu ya neomisini alikariri jina hilo na alitaje kila anapoandikiwa dawa ya macho, kwa kuwa neomisini imo katika chupa nyingi za majina tofauti na inajulikana kwa kuleta mzio. Jicho linalouma, lisilopenda mwanga, lenye doa jeupe, lililochomwa na jani au kitu chochote, au ambalo uoni wake umepungua, halina dawa ya dukani. Hilo ni la daktari wa macho siku hiyo hiyo.

Inafaa pia kujua kwamba orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inazitaja gentamicin na prednisolone za macho kila moja kwa jina lake na mahali pake. Kila moja inapewa mgonjwa kwa sababu yake.

Tunawaomba wasomaji wetu wafanye jambo moja leo, kabla gazeti hili halijakunjwa. Ishusheni ile chupa iliyo juu ya friji. Someni jina dogo. Ikiwa imefunguliwa zaidi ya wiki nne, muda wake umekwisha hata kama ndani yamebaki matone mengi, nayo isiwekwe tena. Ikiwa mna majina tuliyoyataja na hakuna daktari aliyeiandika kwa jicho hilo, asitiwe mtu mwingine. Na ikiwa yupo mtoto nyumbani ambaye amekuwa akitiwa chupa ya namna hiyo kwa zaidi ya wiki mbili, msingoje mwasho urudi wala msingoje alalamike. Mchukueni yeye pamoja na boksi lake, mmpeleke kliniki ya macho, na mseme kwa maneno haya haya: tunaomba apimwe presha ya macho, kwa sababu amekuwa akitumia steroidi.